Rubavu: mapumziko ya roho ufukweni, uhai wake milimani

Gisenyi, makao makuu ya Wilaya ya Rubavu katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, umejulikana tangu enzi ya utawala wa Ubelgiji kuwa mji wa kupumzikia. Uko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja umepakana na Goma ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na nyuma yake imesimama safu ya volkano za Virunga. Hewa yake si ya joto kali wala si ya baridi ya kuuma, na ziwa lake halina mamba wala viboko, jambo ambalo kwa maziwa ya Afrika si la kawaida.

Wageni wanaofika huko hutajwa mara nyingi kwa jina moja tu: watalii. Lipo hata hivyo kundi la pili lisilohesabiwa sana, nalo ni la wale wanaokuja kunyamaza. Ni masista wanaofanya mafungo yao ya mwaka, wanandoa, walimu, wanakwaya, wafanyakazi wa misaada waliochoshwa na kazi ya ng'ambo ya mpaka, na pia watu wasio na kanisa wala msikiti ambao wanataka siku tatu bila simu. Kwa kundi hili maswali ni mawili. La kwanza ni hili: ni nini hufanya pahali pawe pa mapumziko ya kiroho yaliyo wazi kwa watu wa imani zote? La pili halikuulizwa sana mpaka usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei 2023: pumziko hilo lina uhusiano gani na hali ya misitu na mito iliyo juu yake?

Neno lenyewe

Kiswahili hakina neno moja linalokubaliwa na wote kwa jambo hili. Wakatoliki husema mafungo ya kiroho, yaani kujifunga au kujitenga na shughuli kwa siku kadhaa ili kusali na kujichunguza. Waislamu wana itikafu, ambayo ni kukaa msikitini kwa nia ya ibada, hasa katika kumi la mwisho la Ramadhani, na wafuasi wa tarika hutumia neno khalwa kwa upweke wa zikri. Katika Kinyarwanda neno ni umwiherero, na Wanyarwanda wengi wamelizoea zaidi katika habari za siasa kuliko katika habari za dini, kwa sababu ndilo jina la mkutano wa faragha wa viongozi wa taifa.

Maneno haya yote yana wazo moja ndani yake: mtu hutoka mahali pa kelele, hukaa, kisha hurudi. Kurudi ni sehemu ya jambo lenyewe. Asiyerudi ni mtawa au mkimbizi, na hao ni mada nyingine.

Kituo kilicho wazi kwa imani zote si dini mpya iliyochanganya zile za zamani. Ni nyumba ambayo mwenyewe anaweza kuwa na imani yake bila kuificha, lakini hamwulizi mgeni imani yake kama sharti la kumpa kitanda. Huwa na chumba kimoja cha ukimya kisicho na alama za dini yoyote, au pengine sehemu ndogo kwa kila dini. Kipimo kigumu zaidi, hata hivyo, kiko jikoni. Nyumba inayosema inawapokea Waislamu, Waadventista na Wahindu, kisha ikachoma nyama zote kwenye jiko moja na kuweka bia kwenye kila meza, imekwisha kuchagua wageni wake bila kutamka. Nyama iliyochinjwa kwa sheria, chakula kisicho na nyama, daku kwa aliyefunga, na utulivu wa Jumamosi kwa anayeshika Sabato ni mambo madogo yasiyohitaji mhandisi wala mfadhili.

Mji wenyewe unafaa kwa mazungumzo ya namna hii. Anayeswali Gisenyi huelekea kaskazini, akiegemea kidogo mashariki, na kwa hiyo uso wake hukabili nafasi iliyo kati ya Nyiragongo na Karisimbi. Katika imani ya kale ya Wanyarwanda vilele hivyo viwili vilikuwa na maana yake. Waliotawazwa katika ibada ya Ryangombe waliaminiwa kwenda Karisimbi baada ya kufa, mahali pa baridi na raha. Wengine waliangukia moto wa Nyiragongo. Ryangombe mwenyewe, kwa mujibu wa simulizi, aliuawa na nyati akafia chini ya mti wa umuko wenye maua mekundu, na tangu hapo mti huo ukaheshimiwa. Wamisionari wa Afrika, walioitwa Mapadre Weupe, walifika Nyundo, kilomita chache kutoka ziwani, mwaka 1901. Waislamu walifika na misafara ya biashara na utawala wa Kijerumani, na lugha ya Kiswahili ikakaa nao katika mitaa ya mjini. Lugha hiyo leo ni moja ya lugha nne rasmi za Rwanda, baada ya bunge kupitisha sheria mwaka 2017.

Nyumba zilizopo kando ya Kivu

Nyumba nyingi za mapumziko ya aina hii katika magharibi ya Rwanda ni mali ya makanisa, na wenyeji huziita kwa jina lao la Kifaransa lenye maana ya vituo vya kupokea wageni. Karongi, mji wa zamani wa Kibuye, una mbili zinazojulikana mno: Béthanie ya Kanisa la Kipresbiteri, iliyo karibu kabisa na maji, na Home Saint Jean ya Kanisa Katoliki, iliyo juu ya rasi. Zote hupokea mtu yeyote anayelipa, na bei zake kwa kawaida ni chini ya zile za hoteli. Kusema kweli, wageni wao wengi ni watu wa semina na harusi kuliko watu wa sala. Lakini jengo la kufaa lipo, bustani ipo, na ukimya hupatikana mara semina inapokwisha.

Jirani na Home Saint Jean limesimama kanisa la mawe ambamo maelfu ya Watutsi waliuawa mwezi Aprili 1994, na kumbukumbu yao ipo papo hapo. Nyundo nako waliuawa watu waliokimbilia kwenye kanisa kuu, na Gisenyi ina eneo la kumbukumbu linalojulikana kama Commune Rouge. Mgeni anayekuja kutafuta amani kando ya Kivu hukanyaga ardhi ambayo nyumba za ibada hazikuwa salama. Mwendesha mafungo asiyelisema hilo kwa wageni wake huwauzia mandhari tu.

Aliyelisema waziwazi ni padre Ubald Rugirangoga, aliyepoteza mama yake na jamaa zake wengi katika mauaji hayo ya kimbari. Alianzisha Rusizi, upande wa kusini wa ziwa, kituo kiitwacho Ibanga ry'Amahoro, maana yake Siri ya Amani. Kimejengwa kwenye rasi ya kijani inayoingia ziwani, na kazi yake ni sala za uponyaji na upatanisho kati ya walionusurika na waliotenda. Padre huyo alifariki Marekani Januari 2021 kutokana na madhara ya UVIKO-19, na amezikwa hapo kituoni. Ni kituo cha Kikatoliki kwa jina na kwa ibada. Hata hivyo jambo linalofundishwa pale, yaani kuomba msamaha na kuutoa, halikuwahi kuwa mali ya dhehebu moja, na mikutano yake ilivuta watu wa kila namna.

Rubavu yenyewe ina Mugongo, shamba la maua lililo katika miinuko chini ya Karisimbi. Rosamond Halsey Carr, Mmarekani aliyefika Kongo mwaka 1949, alilichukua shamba hilo katikati ya miaka ya 1950 akilima pareto, na baadaye maua ya kuuza mahotelini. Mwezi Desemba 1994, akiwa na umri wa miaka 82, aligeuza banda la kukaushia pareto kuwa nyumba ya watoto waliopoteza wazazi, akaiita Imbabazi. Vita vya wapiganaji wa msituni viliwalazimisha kuhamia mjini Gisenyi mwaka 1997, na watoto walirudi Mugongo mwaka 2005. Carr alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 94. Serikali ilipoamua baadaye kwamba watoto yatima walelewe katika familia badala ya vituo, Imbabazi ilifunga mlango kama nyumba ya watoto, na bustani ikabaki. Mugongo haikuwahi kujiita kituo cha kiroho. Lakini ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa bustani iliyotumika kuwatuliza watu bila kuwauliza walikosali.

Kuna mapumziko mengine ambayo hayana mwenyewe wala ada kubwa. Huko Nyamyumba, jirani na kiwanda cha bia cha Bralirwa kilichoanza kazi mwaka 1957, chemchemi za maji ya moto ziitwazo amashyuza hububujika ukingoni mwa ziwa. Ni moto kiasi cha kuivisha yai. Watu wenye maumivu ya viungo hukaa pale pale maji hayo yanapochanganyika na ya ziwa, wamepakwa udongo, Mkristo na Mwislamu bega kwa bega, na hakuna aliyewahi kulipa jambo hilo jina la kitaalamu.

Mto unaoteremka

Yote yaliyotajwa yako chini. Juu yake kuna milima, na kwenye milima hiyo kulikuwa na Gishwati.

Katika miaka ya 1970 msitu wa Gishwati ulikadiriwa kuwa na hekta 28,000, ukienea katika maeneo ambayo leo ni ya wilaya za Rutsiro, Ngororero, Nyabihu na Rubavu. Katika miaka ya 1980 mradi mkubwa uliogharamiwa na Benki ya Dunia ulikata sehemu yake ili kupata malisho ya ng'ombe wa maziwa na mashamba ya misonobari. Jibini ya Gishwati inayosifiwa hadi leo ilitokana na malisho hayo, na si haki kuitaja milima hiyo bila kuitaja jibini. Baada ya 1994 zilifika familia zilizorejea kutoka uhamishoni na nyingine zilizokimbia makwao, hazina ardhi, na msitu ulikuwa ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki hekta zipatazo 600. Hakuna aliyekata msitu kwa chuki. Walikata kwa njaa, na mradi uliotangulia ulikuwa umekata kwa mpango.

Linalofuata ni elimu ya maji. Udongo wa msituni umejaa mizizi, majani yaliyooza na matundu ya wadudu, na hunywa mvua polepole na kuitoa polepole. Mizizi ikifa, mteremko hupoteza kamba zake za ndani. Mvua ya saa moja iliyokuwa ikichukua siku kadhaa kufika mtoni hufika kwa dakika, ikibeba udongo. Kulima viazi kwa mistari inayoshuka na mteremko, badala ya mistari inayoukata, huyaongezea maji hayo njia.

Maji ya upande huo wa Gishwati huenda kwenye mto Sebeya. Unaanzia katika vilima vya Rutsiro, unapita Kanama, Nyundo na Rugerero, unaendesha mitambo midogo ya umeme ya Keya na Gihira, kisha unaingia Kivu upande wa Nyamyumba. Kwa miaka mingi mto huo umekuwa ukifurika. Serikali, kwa msaada wa Uholanzi na mashirika ya uhifadhi, ilianzisha mwaka 2019 mpango wa kuutibu kuanzia juu: matuta ya ngazi, mianzi kando ya mto, miti katika mashamba, mifereji ya kukusanya maji ya paa, na bwawa la kupunguza kasi ya mafuriko.

Kazi hiyo ilikuwa ikiendelea usiku ule wa Mei 2023 mvua ilipoanguka juu ya ardhi iliyokwisha kushiba. Katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, Rubavu ikiwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi, watu zaidi ya 130 walikufa kwa mafuriko na maporomoko ya ardhi, wengi wao wakiwa wamelala. Sebeya ilipita katikati ya nyumba. Maelfu walihamishiwa kwenye kambi za muda, na maziko ya pamoja yakafanyika mbele ya viongozi wa serikali na wa dini zote.

Kwa hiyo nyumba ya mapumziko ufukweni, iwe ya kanisa au ya mfanyabiashara, inaishi kwa rehema ya mlima ambao mwenyewe pengine hajawahi kuupanda. Bustani yake inaweza kupandwa upya kwa wiki moja. Mteremko uliokwenda ziwani haurudi.

Msitu unaorejea

Habari za Gishwati hazikuishia kwenye hekta 600. Mwaka 2008 ulianza mpango wa hifadhi ulioungwa mkono na Great Ape Trust ya Marekani, na mwaka 2012 Wanyarwanda walioufanyia kazi waliunda shirika lao, Forest of Hope Association. Mbinu kuu haikuwa ya gharama: kuzuia ng'ombe na mashoka, kisha kuuacha msitu ujioteshe wenyewe kutokana na mbegu zilizokuwa udongoni na zile zinazosambazwa na ndege na nyani. Palipohitajika walipanda. Msitu wa Gishwati ukakaribia hekta 1,500. Mwaka 2016 sheria ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, vipande viwili vya msitu vyenye jumla ya hekta 3,558, na Oktoba 2020 UNESCO iliitangaza mandhari yote kuwa hifadhi ya viumbe na binadamu. Ndani yake wanaishi sokwe mtu wachache na kima wa dhahabu. Vipande hivyo viwili bado vimetenganishwa na mashamba, na sokwe hajui kusoma ramani.

Hapa ndipo wazo la kituo cha mapumziko linapokutana na kazi ya mikono. Watu wengi hudhani kuhuisha mazingira ni kupanda miti, na miti ni miti. Mkaratusi hukua upesi na huwapa watu kuni na mihimili, kwa hiyo si adui. Lakini kilima cha mikaratusi mitupu hakirudishi chemchemi. Miti ya asili kama umusave, umwungo na umuvumu huchukua muda mrefu zaidi, na ndiyo inayolisha ndege na kushikilia udongo wa milima hiyo. Kitalu chake kinahitaji mtu wa kumwagilia kila siku kwa miezi, kung'oa magugu kwa miaka miwili au mitatu, na kurudi kuhesabu iliyokufa. Mgeni wa siku tatu anayepanda mche mmoja na kupigwa picha hajafanya hata nusu ya kazi. Mpango wa maana ni ule ambao ada ya wageni hulipa mishahara ya wenye kitalu wanaobaki.

Dini zenyewe zina sababu ya kuwa hapo. Mwaka 2015 Papa Fransisko alitoa waraka wa Laudato Si' juu ya utunzaji wa dunia, na mwezi Agosti mwaka huohuo wanazuoni wa Kiislamu walikutana Istanbul wakatoa tamko lao kuhusu tabianchi. Mapokeo ya Mtume yanamhesabia sadaka apandaye mti ambao matunda yake yataliwa na mtu au ndege. Upande wa imani ya kale, Buhanga karibu na Musanze ni msitu mdogo uliosalimika kwa sababu wafalme walitawazwa humo na watu waliogopa kuukata. Rwanda ina pia umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, inayowakutanisha majirani wa imani zote na majembe yao. Waadventista hufanya yao siku nyingine ili Sabato isivunjwe, na matuta hayalalamiki.

Majirani wamefanyaje

Mfano wa kongwe wa nyumba ya ibada iliyo wazi kwa wote katika Afrika Mashariki uko Kampala. Hekalu la Wabahai lililo juu ya kilima cha Kikaaya lilifunguliwa mwaka 1961. Lina pande tisa na milango tisa, halina mahubiri, na maandiko ya dini mbalimbali husomwa humo huku kwaya ikiimba bila ala. Viwanja vyake vimetunzwa muda mrefu kiasi kwamba, kadiri jiji lilivyopanuka, kilima hicho kimekuwa miongoni mwa sehemu za kijani ambazo wakazi huenda kukaa tu. Wengi wanaokaa kwenye majani yake si Wabahai.

Kenya ina Brackenhurst, kituo cha mikutano na mafungo huko Limuru kilichokuwa hoteli ya walowezi kabla ya kuwa cha Wabaptisti. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 sehemu ya ardhi yake iliyojaa mikaratusi na miwati iliondolewa miti hiyo hatua kwa hatua, na miti ya asili ikapandwa. Ndege na vipepeo wa msituni walirudi. Huu ndio mfano ulio karibu zaidi na kile ambacho Rubavu ingeweza kufanya, kwa kuwa unaonyesha kwamba kituo chenye vitanda na ukumbi kinaweza pia kuwa na msitu halisi ndani ya miaka 20, mradi mtu mmoja mkaidi mwenye elimu ya mimea akubali kukaa.

Huko Pemba mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kisiwa cha Misali, kilichotangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, kina simulizi la Nabii Hadhara aliyekosa msala wa kuswalia, akaonyesha kisiwa hicho kinachoelekea kibla na kukifanya msala wake. Wahifadhi walipoona kwamba makatazo ya serikali hayasikilizwi na wavuvi wanaotumia baruti, waliwaendea masheikh, nao wakafundisha msikitini kwamba kuharibu matumbawe ni kuharibu amana. Jambo la kujifunza hapo ni mpangilio: masheikh walikuwa wa wavuvi wenyewe, na fundisho lilitolewa kwa Kiswahili chao.

Sheria na tahadhari

Rwanda si nchi ambayo mtu anaamka asubuhi na kufungua nyumba ya sala. Sheria ya mwaka 2018 inayoongoza mashirika ya kidini inadai usajili katika Bodi ya Utawala ya Rwanda, majengo yanayokidhi viwango, na elimu ya theolojia kwa viongozi. Katika ukaguzi wa mwaka 2024 maelfu ya nyumba za ibada zilifungwa kwa kukosa masharti, na miongoni mwa zilizolengwa ni sehemu za sala zilizokuwa mapangoni na kando ya mito, mahali ambapo watu waliwahi kupoteza maisha. Wapo waliolalamika kwamba mkono wa serikali ni mzito. Wapo waliozika ndugu zao na kusema umechelewa. Kwa vyovyote vile, anayetaka kuwapeleka watu kunyamaza msituni au kwenye genge ajue kwamba nia njema haitoshi mbele ya mkaguzi.

Ujenzi pia una mpaka wake. Haijuzu kujenga ndani ya mita 50 kutoka ukingo wa ziwa, wala mita 10 kutoka mito mikubwa, na ukanda huo unatakiwa kuwa na majani au miti. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja vikafuata mwaka 2019.

Isisahauliwe kwamba utulivu wa Gisenyi ni wa mpakani. Nyiragongo ulilipuka tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma wakakimbilia Rubavu, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba za pande zote mbili. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, makombora yaliangukia upande wa Rwanda na kuua raia. Wenye nyumba za wageni hupokea wakimbizi na watalii kwa zamu, wakati mwingine katika mwezi mmoja.

Kwa anayepanga kwenda

Nyumba nzuri hujulikana kwa majibu inayotoa kabla ya kulipwa. Mgeni aulize chakula hupikwaje na ni nani wanaokila. Aulize kama kuna chumba cha ukimya kisichogeuzwa ukumbi wa semina siku za Jumamosi. Aulize maji machafu huenda wapi, kwa sababu jibu la kwamba huenda ziwani ni jibu la kutosha kuhamia kwingine. Aulize miti iliyopandwa mwaka juzi iko wapi, na aombe kuonyeshwa. Kama nyumba hununua viazi, maziwa na jibini kwa wakulima wa Kanama na Nyabihu, basi fedha zake zinapanda mlima angalau kwa njia hiyo.

Kutoka Kigali hadi Gisenyi ni kiasi cha kilomita 150 kwa barabara ya lami kupitia Musanze. Anayependa miguu anaweza kuanzia Rubavu njia ya Congo Nile inayofuata ziwa hadi Rusizi, kilomita 227, ambayo sehemu zake huweza kutembewa kwa siku moja moja. Mvua kubwa ni za Machi hadi Mei, na nyingine ndogo kati ya Septemba na Desemba. Wenye vitalu hupanda miche mvua zinapoanza, kwa hiyo anayetaka kushika jembe na si maji ya ziwa peke yake afike wakati huo, akiwa na viatu vya matope, na kabla ya kuteremka karibu na Sebeya awaulize wenyeji mto umelalaje usiku.